Ugonjwa wa Alasiri

Sauti ya Mwalimu niliijua kabla ya sura yake. Nililetwa Kivinje kutoka Kiranjeranje, mke wa siku nne, na mume wangu akanipangia chumba katika nyumba ambayo yeye mwenyewe hakukaa hata mwezi. Kazi yake ilikuwa kwenye shamba la mkonge upande wa Lindi. Akarudi huko, akaniacha na sanduku, mkeka na taa. Asubuhi ya kwanza ya kuachwa peke yangu niliamshwa na mwanamke nyuma ya ukuta, akisema bila kupaza sauti hata kidogo, "Wewe wa tatu kutoka mlangoni. Umeimeza herufi. Itoe." Wasichana wakacheka, fimbo ya henzirani ikapigwa chini, pa! Kisha kimya.

Huyo ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Mji mzima ulimwita Mwalimu, hata waliomzidi umri. Mimi pia sikuwahi kumwita vinginevyo, na hapa sitaanza.

Alifundisha wasichana Kurani katika chumba cha mbele. Ile henzirani niliisikia kila siku kwa miaka, lakini sikuiona ikimgusa mtoto. Iliugusa mkeka tu, na mkeka ulichakaa mahali pamoja. Aliyekosea neno mara moja alirudishwa. Akikosea mara ya pili, alirudishwa. Akikosea mara ya tatu, Mwalimu alifunga msahafu na kusema, "Mara ya kwanza ni kosa lako, ya pili ni tabia yako, ya tatu ni kosa langu," akaanza kufundisha neno lile upya kana kwamba halijapata kufundishwa duniani.

Alikuwa na masharti ya ajabu. Sindano yake ya kushonea hakumwazima mtu. Niliiomba mara moja, akaniambia niende dukani. Lakini mwaka mmoja njaa ilipobisha, alimtoa mbuzi wake wa pekee akampa jirani mwenye watoto sita, wala hakungoja shukrani. Alimfunga mlangoni kwao alfajiri akarudi nyumbani. Alikataza umbea, na kila jioni mlango wake ulikuwa wazi upana wa kiganja ili asipitwe na neno la barazani. Waandika hirizi aliwafukuza, na mkononi, chini ya kanga, alikuwa na hirizi. Siku nilipoiona aliniambia, "Hii siiamini. Nimeizoea tu."

Hakupenda kuguswa. Wanawake wa mjini wakikutana hukumbatiana, hushikana mikono wakaizungusha; yeye alisimama umbali wa hatua mbili na kuitikia "Marahaba" kutoka huko huko. Aliolewa mara mbili na kuachika mara mbili, na hayo niliyasikia kwa watu. Kwake nilisikia hili tu: "Mmoja alikuwa anakoroma, mwingine alikuwa anasema uongo. Nikilinganisha, yule wa kukoroma alikuwa na afadhali."

Mtoto akimwambia amechoka, alimjibu, "Usiseme umechoka. Sema kilichokuchosha." Neno hilo nililipenda, nikawa nalisema hata mimi. Sikujua litakuja kumshinda mwenyewe aliyelitunga.

Kuchoka kwake kulianzia kwenye jicho la kushoto. Hakumwambia mtu. Niliona mimi, kwa sababu alasiri tulikuwa tukikaa ua wa nyuma, kila mtu na ukili wake wa mkeka, tukisuka bila maneno mengi. Kope ya kushoto ilianza kushuka kama ya mtu anayesinzia, huku ya kulia ikiwa macho. Nikamwambia, "Mwalimu, kalale kidogo." Akanijibu, "Sina usingizi," akaendelea kusuka, lakini ukili ulilegea mkononi mwake, akaufumua.

Baadaye likaja la kushika kidevu. Wakati wa kula aliegemeza kidevu kwenye kiganja, na watu waliomwona walidhani anatafakari, au anaringa. Kumbe alikuwa akilisukuma taya lifunge. Nyama aliiacha, kisha muhogo, kisha hata ugali wa mtama, akabaki na uji. Nikimuuliza husema hana hamu. Kisha likaja la sauti, na hilo halikufichika. Asubuhi aliisoma Yasini yote hewa ikatulia. Alasiri, aya chache tu na sauti yake ikaanza kutoka puani, maneno yakanata, mate yakamtangulia. Akilala saa moja, aliamka mzima. Akirudi kusoma, mambo yakarudi pale pale.

Aliponiambia, hakuniambia kwa kulalamika. Alisema, "Binti Athumani, mwili wangu unaniondokea kila siku baada ya adhuhuri, na sijui unakwenda wapi."

Wakati huo ilikuwa baada ya vita vya Hitla, malori ya mradi wa karanga wa kule Nachingwea yakipita kila upande, na habari zilisafiri haraka kuliko zamani. Tukasikia kwamba daktari bingwa, Mzungu, anapita pwani kwa meli na atashuka Lindi kwa siku chache, apokee wagonjwa katika nyumba ya kukodi karibu na bandari. Alisifiwa mpaka kwetu. Walisema bingwa wa mishipa, walisema alimgusa mtu aliyepooza akasimama. Mwalimu, ambaye hakupenda kuguswa, akafunga mzigo. Nilikwenda naye kwa kuwa nilitaka kumwona mume wangu. Sikwenda kwa ajili yake, na sitajipamba hapa.

Tulifika mbele ya daktari saa tatu asubuhi. Mwalimu alikuwa amelala vizuri, na aliingia mle ndani akiwa amenyooka kama mlingoti. Bingwa alikuwa mtu mrefu, nadhifu, mwenye mikono safi kuliko mikono yoyote niliyowahi kuiona. Kati yao alisimama dresa, msaidizi wa hospitali, kijana wa mjini aliyekuwa mkalimani.

"Daktari anauliza unaumwa nini."

Mwalimu alikuwa ameupanga ugonjwa wake kama somo. "Kwanza ni kope," alisema. "Asubuhi ziko juu, baada ya adhuhuri zinaanguka, ya kushoto inatangulia. Pili ni sauti. Kurasa mbili nasoma vizuri, ya tatu inatokea puani. Tatu ni taya. Nikitafuna, mwisho linakataa kufunga. Nikilala kidogo, vyote vinarudi. Siumwi popote. Nguvu tu zinaondoka."

Dresa akageuka, akasema maneno mafupi kwa Kiingereza.

"Nimekupa sentensi tisa," Mwalimu akamwambia. "Wewe umempa tatu."

"Mama, daktari ana watu wengi."

Bingwa alimgonga magoti kwa kinyundo kidogo, akammulika macho kwa tochi, akamwambia asukume mikono yake. Mwalimu akaisukuma hata yule Mzungu akarudi nyuma kidogo, akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Huenda ndiyo sababu kicheko kile kilimwumiza zaidi.

"Anasema mwili wako mzuri kuliko wake," dresa akaeleza. "Anauliza, una mume?"

"Sina."

"Watoto?"

"Nina wanafunzi."

Wakazungumza wao wawili. Kisha dresa, akitazama meza: "Anasema wanawake wa umri wako wasio na mume huwa hivi. Ni mawazo. Utafute shughuli ya kukuchangamsha."

"Shughuli," Mwalimu akarudia. Aliamka kila siku kabla ya jogoo na alikuwa amewahitimisha Kurani nusu ya wanawake wa Kivinje. Akamgeukia dresa. "Mwambie ugonjwa wangu ni wa alasiri. Nitangoja hapo nje. Aniangalie saa kumi, mara moja tu."

Dresa hakumwambia. Bingwa alikuwa ameshaandika karatasi, ameipiga mhuri, na mgonjwa mwingine alikuwa mlangoni.

Mwalimu alingoja. Alikaa kwenye ngazi za nyumba ile kutoka saa nne asubuhi mpaka saa kumi, buibui lake limekusanywa magotini, na mimi kando yake nikiwazia mume wangu. Saa tisa kope ya kushoto ilishuka, kisha na ya kulia. Alipoona kuwa amefikia mahali alipokuwa akipataka, akainuka, akabisha. Dirisha likafunguka. Alikuwa dresa.

"Daktari amekwisha ondoka, mama."

"Basi nitazame wewe," alisema, na maneno yalimtoka puani, mazito.

Yule kijana alimtazama. Niliona uso wake ukibadilika. Aliona, nami naapa aliona. Kisha akasema taratibu, "Samahani, mama," akafunga dirisha.

Karatasi tulisomewa Kivinje na karani mmoja aliyejua Kiingereza. Ilisema mwanamke huyu hana maradhi yoyote, asipewe dawa, wala asirudishwe kwa daktari. Tangu siku hiyo hata katika zahanati yetu, akifika, aliombwa karatasi, ikasomwa, akarudishwa nyumbani bila dawa. Nani angempinga bingwa?

Na mimi? Mimi nilimwona kila alasiri. Lakini karatasi ilikuwa na mhuri, na macho yangu hayakuwa na mhuri. Nikaanza kujisemea kwamba kila mtu huchoka jioni. Nikaanza kumwona anadeka. Alipolegea mikono na kuniomba nimchotee maji, nilimchotea, lakini nilikuwa nikivuta pumzi kwanza, na yeye alikuwa na masikio ya mwalimu wa Kurani. Hakuna pumzi iliyompita.

Balaa lilikuja siku ya maulidi ya wanawake. Ilikuwa baada ya alasiri, na kama ada aliombwa asome. Nadhani angeweza kukataa. Hakukataa. Alianza vizuri, watu wakatulia; kisha sauti ikaanza kuteleza, maneno matukufu yakamtoka kama ya mtu mwenye ulimi wa pamba, kope zikafunga, mate yakamdondoka kwenye kitabu. Akanyamaza. Katika kimya kile mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, wala si kwa siri, "Huyu amelewa."

Mwalimu wa Kurani kuambiwa amelewa, katika mji kama ule, ni sawa na nyumba kuezuliwa paa. Wiki ile wasichana wakapungua. Wiki ya pili nikasikia nyuma ya ukuta sauti tano tu zikisoma, na ya sita ilikuwa yake.

Wanawake walinikamata kisimani, nyuma ya nyumba yetu. "Wewe unakaa naye," walisema. "Tuambie. Anakunywa?"

Nilijua hanywi. Nilijua kama ninavyojua jina la mama yangu. Lakini nilikuwa mgeni mjini, mke asiye na mume pembeni wala mtoto, na wale walikuwa ndio watu pekee wanaonisalimu. Nikasema, "Mimi sijui. Daktari alisema hana ugonjwa." Nikajitwika ndoo yangu. Nilipoingia uani nilimkuta Mwalimu amekaa karibu na ua wa makuti, hatua sita kutoka kisimani, anasuka. Hakuinua uso.

Hatukuzungumzia jambo hilo. Tuliendelea kuishi. Alikula nyuma ya mlango uliofungwa, kwa sababu uji ulikuwa ukimrudi puani na hakutaka kuonwa. Harusini hakwenda tena, msibani alikwenda asubuhi tu, akaondoka kabla ya mchana. Ule upana wa kiganja wa mlango wake ukafungwa. Tulikuwa wanawake wawili wapweke katika nyumba moja, na upweke wake na wangu haukuazimana hata chumvi.

Aliyeufungua mlango ule alikuwa mwanamke wa bara, Mmwera, Mkatoliki, jina lake Mama Filomena. Kila msimu wa ufuta alikuja pwani kuuza, akalala ua wetu, na yeye na Mwalimu walikuwa wakibishana habari za dini kwa furaha kubwa, hakuna aliyemshinda mwenziwe. Mwaka ule alimkuta hafungui kinywa. Akakaa naye alasiri nzima akimtazama. Mwishoni akasema, "Mwalimu, kule kwetu misheni yuko daktari wa kike. Si bingwa. Lakini anauliza. Ukimwambia jambo, anakuuliza jingine, mpaka unachoka wewe."

"Bingwa ameshasema sina kitu," Mwalimu akajibu.

"Bingwa alikutazama saa ngapi?"

Kesho yake asubuhi nilimsikia Mwalimu akifunga mzigo.

Mji ukapata la kusema. Kaka yake alikuja mbio kutoka Likawage, mzee wa heshima, akasimama sebuleni kofia mkononi. "Dada yangu, utakwenda kwenye nyumba ya msalaba? Wewe, mwalimu wa chuo cha Kurani? Watakubatiza ukiwa umelala."

"Kaka, yule bingwa wa kwanza alikuwa shehe?"

"Hakuwa shehe, lakini..."

"Basi ninabadilisha daktari. Sibadilishi dini."

"Na huyo akisema vile vile?"

Niliona kwamba swali hilo alikuwa ameshajiuliza. "Akisema vile vile," alisema, "nitakuwa nimeambiwa na wawili. Sasa hivi nimeambiwa na mmoja, tena asubuhi."

Akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni. "Binti Athumani, utanisindikiza."

Hakuuliza. Nilishangaa, maana alikuwa na wanafunzi wa zamani ambao wangekwenda naye hata kwa miguu. Lakini nilikuwa na deni la kisimani, na nikasema ndiyo.

Tulikwenda kwa malori, tukabadilisha Lindi, tukapanda bara. Njiani Mwalimu alikunywa uji mwembamba alioubeba kwenye chupa, na lori lilipotikisika sana alikuwa akiishika shingo kwa mikono miwili ili kichwa kisianguke. Sikumsaidia. Sikujua kama angependa nimguse.

Misheni ilikuwa juu ya kilima, majengo ya matofali mekundu, na kwenye ukumbi wa wagonjwa palitundikwa msalaba mkubwa. Mwalimu aliutazama, akasogeza kiti, akakaa akiwa ameupa mgongo. Daktari alikuja na kiti chake mwenyewe, akakaa mbele yake. Alikuwa mwanamke wa Kizungu, mnene, nywele zimekatwa fupi, Kiswahili chake kina lafudhi ya Kimwera kwa sababu alijifunza kwa wagonjwa. Mwalimu akampa karatasi ya bingwa kwanza. Hakutaka kuficha. Daktari akaisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Hii ni ya mwaka jana," alisema. "Mimi nataka ya leo. Niambie."

Mwalimu akatoa somo lake, kope, sauti, taya. Daktari hakuandika. Alipomaliza, akauliza, "Inaanza saa ngapi?"

Mwalimu alinitazama mimi kwanza, kisha yeye. Katika miaka miwili hakuna aliyemuuliza swali hilo. "Baada ya adhuhuri," alisema. "Saa nane kama nimefundisha. Saa tisa kama nimenyamaza."

"Basi sasa hivi siwezi kuona kitu. Pumzika. Tutaonana saa tisa."

Saa tisa alirudi na muuguzi, na sindano kwenye sahani. Akamwambia Mwalimu atazame dari bila kupepesa. Kope zilishikilia, zikatetemeka, zikashuka. Daktari akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari aliyoitazamia. "Sasa sauti. Nisomee kitu. Chochote unachokijua kwa moyo, kirefu, mpaka usiweze tena."

"Ninachokijua kwa moyo ni Kurani."

"Kisome hicho."

Akasoma. Katika ukumbi ule, wagonjwa wa bara vitandani, masista wawili wakipita na mashuka wakasimama, Mwalimu akafumba macho yale ambayo tayari yalikuwa yamefumba, akasoma Yasini. Mwanzo ulikuwa wake, ule wa asubuhi nyuma ya ukuta wangu. Kisha ikaanza kuharibika. Neno moja, kisha mawili, kisha yote yakapita puani, na mate yakaja. Kule Kivinje angenyamaza hapo. Safari hii aliendelea. Alisoma mpaka pakawa hapana neno, pana pumzi tu, na machozi yakimtoka chini ya kope zilizofungwa. Daktari hakumkatiza, wala hakuangalia pembeni. Aliinama karibu, masikio yote kwake, kama mimi nilivyokuwa sijawahi kufanya.

Akamdunga sindano mkononi. Tukangoja. Hapakuwa na saa ukutani. Nilihesabu pumzi zangu nikapotea. Kisha kope ya kulia ikapanda. Kisha ya kushoto, pole pole, mpaka macho yote mawili yakawa wazi, meusi, makali, saa kumi ya alasiri. Mwalimu akageuza shingo huku na huku. Akafungua kinywa, akakifunga bila mkono. Akaanza tena ile aya iliyomwangusha, akaipita, akaipita na iliyofuata. Akanyamaza mwenyewe, kwa kupenda.

"Ni ugonjwa," daktari alisema. "Ni wa misuli kuchoka upesi. Si mawazo."

"Una jina?"

"Una jina refu la Kigiriki."

"Niandikie."

Akaandikiwa. Akaishika karatasi ile mpya bila kujua kuisoma, akaitazama muda mrefu. Daktari akaeleza mengine, na hakuyapamba: dawa haiponyi, inarudisha nguvu kwa saa chache tu, itabidi kumeza vidonge kila siku ya maisha yake, na huenda siku moja ugonjwa ukashika pumzi. Mwalimu alisikiliza yote kwa utulivu. Alisema tu, "Sasa najua kinachonichosha."

Jioni hiyo, akitafuna muhogo wa kuchemsha bila kushika kidevu, tukiwa peke yetu kwenye baraza ya wageni, aliniambia, "Unajua kwa nini nilikuleta wewe?"

Nikasema sijui.

"Kwa sababu hukuniamini. Nilikusikia kisimani."

Akameza muhogo, akaendelea.

"Ningemleta anayenipenda, mji ungesema huyo alishamwamini tangu zamani. Nilitaka mtu ambaye haniamini aone kwa macho yake, halafu arudi kisimani."

Nililia. Hakunishika, haikuwa tabia yake. Alisogeza sahani ya muhogo upande wangu, basi.

Nilirudi kisimani. Niliwaeleza yote, pamoja na langu mwenyewe. Wengine waliamini, wengine walisema Wazungu wamemtia dawa ya kumzindua tu. Wasichana walirudi nusu. Yule mwanamke aliyesema amelewa hakuomba radhi; alimleta binti yake chuoni, akamwacha mlangoni bila neno, na Mwalimu akampokea bila neno.

Mwaka uliofuata mume wangu alipata nyumba ya wafanyakazi, nami nikahamia shambani kwake. Ilipita miaka mitano kabla sijarudi Kivinje. Nilisikia habari kwa watu: kwamba yule daktari wa kike alirudi kwao Ulaya, kwamba vidonge vilikuwa vikija kwa madereva wa malori, mara vinafika, mara vinapotea, kwamba serikali imefungua shule ya wasichana na chuo cha Mwalimu kimebaki cha asubuhi tu.

Nilipokwenda nilikuwa ninapita. Lori letu lilikuwa likiendelea Dar es Salaam, ambako mume wangu alipata kazi, na dereva alitupa nafasi ndogo tu. Tulichelewa njiani, nilibisha hodi kwake saa kumi na moja.

"Karibu," ilijibu sauti ambayo nisingeijua kama nisingekuwa nimeishi nayo.

Alikuwa amekaa kitandani, amekonda, mgongo ukutani, kope zote mbili chini. Nilisema, "Shikamoo, Mwalimu. Ni mimi, Binti Athumani." Midomo yake ikatikisika. Ilibidi niiname sana kumsikia. Alisema vidonge sasa anapata kimoja kwa siku, hukimeza alfajiri, kabla watoto hawajaja. Kwa kimoja hicho anaweza kufundisha au anaweza kula, na ameshachagua.

Nilimweleza kuhusu safari yetu. Nilimwambia nimezaa, binti, yuko kwenye lori na baba yake, amelala. Alitikisa kidole kuonyesha furaha. Kisha tukakaa. Nje watu walipita wakizungumza, hakuna aliyebisha. Nilielewa kwamba kila siku saa hizi hukaa hivi, gizani mwa macho yake mwenyewe, mpaka usiku umpe usingizi na usingizi umpe asubuhi.

Honi ikapigwa barabarani.

Nilipoinuka, akanishika mkono. Yeye, aliyekuwa akisimama mbali hatua mbili. Kwa mkono wake mwingine alipandisha kidole usoni, akatafuta kope ya kulia, akaiinua kwa kidole kama mtu anayeinua pazia, akanitazama. Alinitazama uso, kanga, miguu, akarudi usoni. Honi ikapigwa tena. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka kwa uzito wa ile kope.

Alisema jambo. Nikainama, akarudia, polepole, akilitamka kila neno jinsi alivyokuwa akiwafundisha wasichana.

"Ningejua unakuja," alisema, "kile kidonge ningekuwekea wewe."

Kisha akaiachia kope ikashuka.